Orodha Safi

Poni alinipigia simu nikiwa mtaa wa Thongpiny, kwenye ukumbi wa hoteli wenye mapazia mekundu, tukijadili aya ya tatu ya sera ya afya ya akili. Aya hiyo naijua kama ninavyoijua sala ya Baba Yetu. Nimeiona ikiandikwa, ikifutwa, ikirudishwa na kuvishwa jalada jipya, na miaka kumi na kadhaa baadaye ilikuwa bado mezani, mbele ya watu wapya wenye kalamu mpya na sambusa zilezile za saa nne. Nilitoka nje kupokea simu. "Dada Achol," Poni akasema, "mama amekufa leo asubuhi." Kisha akaongeza: "Kesho kutwa tunazika. Pastor anataka karatasi ya kusoma, maisha ya mama. Wewe ndiyo unajua kuandika. Uje uandike." Nikamwambia nitakuja. Nilirudi ndani, nikakaa, nikamsikiliza bwana mmoja akieleza kwamba sera ni mchakato na mchakato unataka subira. Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka, wala si kwa sababu yake. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa mtu aliyekuwa ameketi mbele yangu akingoja jibu.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Kenya na cheti cha uhazili ndani ya bahasha ya plastiki, na nilikuwa nimepata kitanda mtaa wa New Site kwa mwanamke aliyeitwa Mama Poni. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, vyumba viwili na kibaraza, na kibarazani palikuwa na mashine ya mkono ya kusagia karanga. Alisaga alfajiri, akaenda kuuza soko la Konyo Konyo mchana, na mikono yake ilinuka karanga mpaka kanisani. Chumba nilichopewa kilikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa changu. Cha pili kilikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kitenge, na siku ya kwanza nilipotaka kuweka sanduku langu juu yake alinizuia, akiniita binti yake kwa Kiarabu cha mjini. "Hapana weka hapo, ya bitti. Hiyo ya Poni." Nilidhani Poni yuko shule Uganda, kwa kuwa Mama Poni mwenyewe alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Adjumani huko si muda mrefu, na watu wengi waliorudi walikuwa wameacha watoto huko wamalize masomo. Lakini kila asubuhi alipika mboga za majani kwa karanga, akagawa asida, ugali wa huku, mafungu matatu, la kwake, la kwangu, na la tatu akalifunika kwenye bakuli, akalifunga kwa kitambaa na kupanda nalo boda boda. Wiki ya tatu nikamuuliza chakula kile anampelekea nani.

"Poni."

"Kwani yuko wapi, Mama?"

"Sijin," akasema, yaani gerezani, kama mtu anayesema yuko kazini. Kisha akaona afadhali aeleze. "Hapana ya wizi. Yeye naumwa hapa," akagusa kichwa. "Hospitali nasema kitanda hapana. Sijin iko na ukuta, iko na mtu ya kulinda. Yeye hapana tembea barabarani, gari hapana gonga yeye. Wewe nakula, chakula napoa."

Wakati ule mambo ndivyo yalivyokuwa, na siwezi kuapa kwamba yamekwisha. Familia ikishindwa na mgonjwa wake ilikwenda kwa chifu, chifu akaandika barua, na kwa barua ile gereza likampokea mtu asiye na kosa. Walimpeleka kwa upendo na kwa woga, vyote viwili. Shida ilikuwa kumtoa. Mwizi alijua siku yake ya kutoka kwa sababu alikuwa na kifungo. Huyu hakuwa na kifungo, kwa hiyo hakuwa na siku. Alihitaji karatasi ya daktari wa akili, na daktari wa kuiandika ilikuwa kazi kumpata. Jumapili nilianza kumsindikiza Mama Poni hadi kule. Poni alikuwa mrefu, mpole, na Adjumani alikuwa akifundisha watoto wa chekechea kabla sauti hazijaanza kumsumbua. Mama yake alimpaka mafuta kichwani na kumsuka pale pale uani, juu ya mkeka, huku akimpa habari za soko: nani kagombana na nani, karanga zimepanda, pastor kanunua viatu vyeupe vya kukanyagia matope. Poni alicheka mahali pa kucheka. Siku nyingine hakucheka wala hakumtambua mama yake, na tulisuka hivyo hivyo, tukaondoka.

Kazi yangu ilikuwa Thongpiny, ndani ya kontena lililogawanywa kwa mbao laini, na mashine ya baridi iliyodondosha maji kwenye ndoo. Nilipiga chapa kumbukumbu za kamati iliyokuwa ikiandika rasimu ya sera. Mwenyekiti alikuwa Daktari Wani, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata joto likiwa la kuyeyusha mshumaa, na pale mezani yeye peke yake ndiye aliyewahi kukaa na wagonjwa hasa. Wengine walikuwa watu wa mipango. Walibishana wiki mbili kama iandikwe "mgonjwa" au "mteja", nami nikaandika yote, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba karani hachagui. Siku moja, wakati wa chai, niliwasikia wawili wakiongea upande wa pili wa ubao. "Hawa watu wa gerezani wana nani wa kuwasemea?" mmoja aliuliza. "Wana ndugu," mwenzake akajibu. "Ndugu gani? Si ndio waliowapeleka?" Wakacheka kidogo, cheko la watu waliochoka, wakarudi kwenye aya yao. Nilitamani kupiga ule ubao teke. Nilimalizia chai yangu.

Daktari Wani naye alikuwa amechoka, ila uchovu wake ulikuwa na akili. Alifunga mlango siku hiyo akaniambia, "Achol, sera itachukua muda, pengine mimi sitaiona. Lakini orodha ni kurasa mbili tu. Nenda gerezani, nimekuombea ruhusa. Nakili majina ya wote ambao kwenye daftari hawana kosa lolote. Nitakwenda nayo mwenyewe kwa wakubwa. Nitawaambia, msinipe sera, nipeni wodi moja ya hawa." Hakuna siku niliyotoka kwenye kontena lile nikiwa na furaha kama hiyo. Sikumwambia Mama Poni, nilitaka asikie likiwa tayari.

Sajini wa gereza alinipa meza yake karibu na dirisha linalotazama ua wa wanawake. Daftari lilikuwa refu, jalada la kijani, na kila mstari ulikuwa na jina, tarehe, aliyemleta, na mwisho kosa. Kwa watu niliowatafuta, pale mwisho palikuwa patupu. Nilianza kunakili kwa mwandiko wangu mzuri. Poni aliniona, akaja akashika nondo za dirisha.

"Dada Achol, unaandika watu ya kutoka?"

"Ndiyo."

"Jina yangu iko?"

"Iko," nikasema. Sikuwa nimefika hata kwenye ukurasa wake.

Alikwenda akawaambia wenzake. Nilimwona akivua gauni lake la maua, akabaki na kitenge, akalifua kwenye beseni kwa sabuni kidogo aliyokuwa nayo, akalianika kwenye waya ili siku ya kutoka likute kavu. Nikafika kwenye ukurasa wake. Jina lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, aliyemleta ni mama mzazi, na kule mwisho, ambako kwa wenzake palikuwa patupu, palikuwa pameandikwa: kumchoma mama kwa sufuria ya moto.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Mama Poni kibarazani akiwa anasaga. Nilimuuliza kama Poni alimchoma. Hakuacha kuzungusha mpini. "Nani nasema?"

"Daftari la gereza."

"Ah, daftari." Akazungusha mara mbili tatu, akaacha. "Mimi ndiyo nasema, Achol. Siku ile mimi natembea na yeye siku tatu. Yeye napiga kelele, navua nguo, watu natupa mawe. Hospitali nasema, rudi kesho. Mimi naenda sijin, nasema leta barua ya chifu. Chifu gani? Mimi natoka Uganda juzi. Mtu alijua mimi alibaki kambi kule Adjumani. Hapa chifu naangalia mimi, nauliza, wewe mtu ya nani? Mimi nasema, mimi mtu ya hapa. Nasema, hapana jua wewe. Sasa askari ya mlango nasema, bila barua tunapokea mtu ya kosa tu." Akanyoosha mkono wa kushoto. Kovu nilikuwa nikiliona kila siku, refu, la rangi ya chai ya maziwa, nikijua ni la jiko la mkaa kwa sababu ndivyo alivyowahi kuniambia. "Mimi naonyesha hii. Nasema, angalia, mtoto nachoma mimi. Askari naandika, nafungua mlango. Mimi nashukuru yeye. Unasikia? Nashukuru yeye kabisa." Akashika tena mpini. "Wewe iko ofisi. Hiyo kitu wewe natengeneza, sio?"

Nikamwambia nitajaribu. Watu wa barua za chifu wana ukoo wao hapa, na hata ukiwatupa gerezani wanatupwa na barua. Mwanamke aliyerudi nyumbani hana anayemjua, ilibidi amsingizie mwanawe ndipo apate mahali pa kumlaza. Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu hapo, nikisikia watu wakiuliza sababu za wagonjwa kuishia jela, na kila mara naona ule mkono umenyooshwa.

Nilimpelekea Daktari Wani jambo hilo bila kutaja kwamba nalala nyumba moja na mhusika. Nikamuuliza, je, mtu akiwa ameandikiwa kosa lakini si kweli? Alivua miwani. "Nani anasema si kweli?" Nikasema, aliyemshtaki. "Basi aende kwa hakimu akafute mashtaka yake. Sikiliza, binti. Karatasi hii naiweka mbele ya watu wanaotafuta sababu ya kuikataa. Wakikuta jina moja tu lina kosa, watasema tunataka kufungulia wahalifu, na faili litafungwa na wote watabaki. Mimi nataka orodha safi." Hakuwa mtu mbaya. Hata leo nikipiga hesabu yake naona pengine alikuwa sahihi. Nilirudi kwenye mashine yangu nikapiga majina yote, mstari kwa mstari, na mwisho wa ukurasa wa pili ilibaki nafasi ya mistari kama minne. Niliitazama. Hakuna aliyekuwa ananichungulia. Nikaandika tarehe, nikapiga mstari chini yake, nikampelekea. "Safi sana," akasema. "Ungekuwa karani wa waziri." Nilifurahi kusifiwa, na hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Orodha ilifanya kazi, jambo ambalo katika mji huu ni nadra. Wodi ilitafutwa, ikapakwa chokaa, vitanda vikaletwa, na siku ya kuwahamisha Daktari akanichukua niende kuweka alama mbele ya majina. Sajini alisimama katikati ya ua na kurasa zangu mbili akawa anasoma. Kila aliyeitwa alichukua bakuli lake na mkeka akaenda kwenye lori. Poni alikuwa mbele kabisa, amevaa lile gauni la maua, amesukwa. Mama Poni alikuwa kwenye mlango wa ua na chakula cha siku hiyo. Sajini akasoma mpaka kwenye mstari niliopiga chini ya tarehe, akakunja karatasi. "Afande," Poni akasema, kwa heshima kama mwalimu aliye mbele ya mkaguzi, "hebu geuza karatasi uangalie nyuma." Sajini, ambaye naye alikuwa binadamu, akageuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Poni akanitazama. Mimi nikatazama kalamu yangu.

Jioni hiyo Mama Poni aliniwekea sahani yangu mahali pake pa kila siku. Mboga za karanga, asida, na maji kwenye kikombe cha bati. Alikaa mbele yangu, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya.

"Wewe najua mbele? Jina hapana?"

"Nilijua, Mama. Sera ni kitu cha polepole. Inataka subira."

"Kalas," akasema, yaani basi, yamekwisha. "Kula."

Laiti angenitupia ile sahani. Kwa wiki nyingi baada ya hapo alikuwa akiacha karanga zake kwa jirani na kwenda mahakamani kufuta mashtaka. Mara hakimu amesafiri. Mara hakimu amehamishwa. Karani mmoja alimweleza kwamba kama alisema uongo basi ana kosa yeye mwenyewe, na akamshauri aje na wakili. Aliporudi siku hiyo aliniuliza swali moja tu: "Mimi naingia ndani, nani napeleka chakula?" Nilikuwa nimekwisha kupata chumba Thongpiny, nikamwambia nahama kwa sababu ni karibu na kazi. Ni kweli palikuwa karibu. Mwisho wa mwaka ulipofika nilisikia kwa watu kwamba Poni ametoka, pamoja na wezi na wapigana baa, kwenye msamaha wa sikukuu. Nilishukuru Mungu, nikaona kama deni langu limelipwa na mtu mwingine. Wodi ile ya chokaa ilijaa mapema, na wale waliokosa nafasi wakaanza tena kupelekwa kwenye ule ukuta. Daktari Wani alikufa bila kuiona sera, kama alivyotabiri. Kiti chake kwenye kamati, kwa maajabu ya nchi hii, nakikalia mimi.

Sasa nyumba ya New Site ilikuwa imejaa watu. Turubai limefungwa kwenye paa, viti vya plastiki vimetoka kanisani, wanawake wanapika nyuma, na mashine ya karanga imefunikwa kwa shuka. Tulikuwa tumeonana mara chache sokoni miaka hiyo yote, mimi na Poni, salamu za haraka. Amepata mvi karibu na masikio. Yeye ndiye anayeuza Konyo Konyo siku hizi. Aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba dawa ikipatikana anakunywa na anakuwa sawa, na ikikosekana mama alikuwa anaketi mlangoni mpaka ipatikane. "Sasa sijui nani atakaa mlangoni," akasema, akanivutia kiti kwenye chumba kile cha zamani. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Changu kilikuwa na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kitenge. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Niliandika kama zinavyoandikwa karatasi hizi. Kuzaliwa, ukimbizi, Adjumani, kurudi, kwaya ya akina mama, soko. Poni akasoma kwa kidole mpaka chini. "Haiko," akasema.

"Nini?"

"Ile ya sijin."

Pastor, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingilia taratibu. "Dada, marehemu tumseme vizuri. Hayo ni mambo ya ndani. Tena utaonyesha watu kwamba mama alidanganya."

"Pastor, New Site yote inajua mimi nilichoma mama. Soko inajua. Mtu akigombana na mimi ya karanga, hiyo ndiyo ananitupia. Serikali ilinisamehe. Mimi nilikosa nini wanisamehe? Mama peke yake alikuwa anajua kweli, na kesho mnamweka chini." Akanigeukia. Sauti yake haikupanda. "Na huyu. Huyu pia anajua."

Pastor akanitazama, nami nikachukua kalamu. Siku ya mazishi nilisimama chini ya turubai nikasoma yote, na nilipofika kwenye soko sikuishia hapo. Nilisoma: "Poni hakumchoma mama yake. Mama alisema hivyo kwa sababu hakuwa na chifu wa kumwandikia barua, na alitaka mwanawe alale mahali salama. Mimi, Achol, niliambiwa ukweli huu kabla orodha ya watu wa kutoka haijapigwa chapa. Nafasi ilikuwepo kwenye karatasi. Sikuandika jina lake." Mwanamke mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Baada ya hapo ilisikika mashine ya kusaga ya jirani, mbali, na mtoto akikohoa. Poni aliinuka kwenye mstari wa mbele, akaja mpaka niliposimama na kunyoosha mkono apewe karatasi.

"Jina yangu iko?"

"Iko," nikamwambia.

Hakutosheka na neno langu. Alianza juu, akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka alipolikuta. Kisha akageuza karatasi, akaangalia na nyuma.